Firigisi Iliyopotea Kwenye Makaroni

Wiki ile Mbarak, mwenye bucha pale Mjini, Meru, alihitaji vitu vitatu tu hapa duniani: neno zuri la mzee wa mji, mhuri wa chifu, na saini ya Bwana Shauri, yule Mzungu wa serikali. Akivipata vyote vitatu, atapewa pasi ya kwenda Siakago. Asipovipata, basi Mwanatatu binti Saad atakaa kwao Siakago siku ya Ijumaa, hina mpaka kwenye viwiko, akimngoja bwana harusi ambaye hakuruhusiwa kuvuka mto.

Na baba yake Mwanatatu hakuwa mtu wa kungoja. Alishatuma habari kwa dereva wa lori, maneno machache, hayana hata salamu: "Mwambie Mbarak tarehe imesogezwa mara tatu. Ikisogezwa ya nne, kuna fundi cherehani hapahapa Siakago. Nyumba yake iko ng'ambo ya barabara. Hahitaji pasi."

Imajensi, ile hali ya hatari ya wakati wa Mau Mau, ndivyo ilivyokuwa. Ukitaka kwenda kumwona mgonjwa, pasi. Ukitaka kwenda kununua ng'ombe, pasi. Hata mbuzi wa Ruiri, watu walisema, walikuwa wakigeuka kutazama nyuma kabla ya kuruka ua. Mara ya kwanza Mbarak alikosa pasi kwa sababu chifu alikuwa na mafua. Mara ya pili Bwana Shauri alikuwa ameingia msituni na askari. Mara ya tatu wote walikuwepo, lakini chifu alisema hawezi kupiga mhuri kabla mzee wa mji hajatoa neno, na mzee wa mji akasema hawezi kutoa neno kabla hajauona mhuri. Karatasi ikaenda na kurudi, ikaenda na kurudi, mpaka ikachanika kwenye mikunjo.

"Hawa ni wa kuwekwa meza moja," alisema Zuena, dada yake mkubwa, mwenye hoteli iliyopakana na bucha. "Wote watatu. Tumbo limejaa, kalamu mkononi."

"Meza gani hiyo, Dada? Chifu Munyi na Mzee Idrisi hawajakaa meza moja tangu Waitaliani wafungwe wakati wa vita."

"Jumatano watakaa. Memsabu analeta mapishi yake kwangu."

Memsabu huyo alikuwa mke wa Bwana Shauri. Kila Jumanne aliwafundisha akina mama usafi, kufuma, na chakula cha afya, na alikuwa mwanamke wa kuongea kuanzia anapoteremka kwenye gari mpaka anaporudi kupanda. Mafunzo ya wiki hiyo yalikuwa chakula cha mchana cha bei nafuu: saladi ya kuku na makaroni. Alimwachia Zuena pakiti mbili za makaroni pamoja na karatasi ya maelezo, akasema Jumatano atakuja na mumewe, na Zuena awaalike viongozi wa Kiafrika ili nao waone kwa macho yao jinsi kuku mmoja anavyoweza kulisha watu sita wakashiba.

Mbarak alicheka kwa furaha. Kisha akaacha kucheka ghafla, kama mtu aliyekumbuka ameacha bucha wazi.

"Kuku mmoja?"

"Mmoja. Ndiyo bei nafuu yenyewe."

"Dada. Kuku mmoja ana firigisi ngapi?"

Zuena akainua kidole kimoja. Ikabidi akae kwenye gunia la mkaa.

Maana pale Meru, akichinjwa kuku, kila kiungo kina mwenyewe. Shingo ya fulani, bawa la fulani, miguu ya watoto. Lakini firigisi ni ya mkubwa. Mwanamke haigusi. Kapera haitazami hata kwa jicho la pembeni. Anayepewa firigisi ndiye mwenye kikao, na anayenyimwa amekwisha kuambiwa, bila mtu kufungua mdomo, kwamba yeye si kitu. Chifu Munyi aliwahi kuondoka kwenye arusi Mitunguu na dua yake mfukoni kwa sababu aliletewa paja. Paja! Mzee Idrisi, mzee wa mji, alimnunia shemeji yake Ramadhani mbili mfululizo, na siku walipopatanishwa alisema kwa upole, "Mimi sikukasirika. Nilikuwa tu nangoja firigisi yangu."

"Tuchinje wawili, mmoja tumfiche," alisema Mbarak.

"Memsabu ataingia jikoni. Yule akiona vichwa viwili atauliza kiwiliwili cha pili kiko wapi. Mwanafunzi wake mmoja alizidisha kitunguu akaambiwa ni mfujaji."

Basi ikabaki hivyo. Jogoo mmoja, firigisi moja, wakubwa wawili, na harusi Ijumaa.

Jumatano asubuhi Mbarak alichinja jogoo mwekundu, akamwachia dada yake chungu. Zuena alichemsha makaroni huku akiitazama karatasi ya Memsabu kama anatazama samansi. Kwa mikono yake mwenyewe angeyakaanga kwa samli, akatia sukari na iliki, kama tambi za Idi, na watu wakalamba vidole. Karatasi ilisema chemsha kwa chumvi, mwaga maji, kisha poza.

"Poza!" alisema. "Mgeni nimpe chakula kilichopoa? Si ndiyo kumwambia njia ya kurudi kwao anaijua?"

"Poza tu, Dada. Nataka kuoa."

"Na kabeji humu imeandikwa mbichi. Mbichi, Mbarak! Chifu Munyi ana meno sita."

Lakini alifuata yote. Alikata kabeji nyembamba kama nyuzi, akakwaruza karoti, akakata nyanya na vitunguu na dania. Alipiga maziwa ya mgando pamoja na ndimu, pilipili manga na chumvi kidogo mpaka yakawa laini, ndiyo mchuzi wenyewe, hauna tone la mafuta, ndiyo afya hiyo. Kisha wakafikia kuku. Karatasi ilisema atolewe mifupa na achambuliwe vipande vidogo vidogo vichanganyike na makaroni.

Hapo ndipo Mbarak aliumia kweli. Alikuwa mtu wa bucha, mtoto wa mtu wa bucha. Maisha yake yote alikuwa akikata nyama ili ijulikane ni ya wapi. Sasa alisimama anachambua paja zuri kabisa mpaka hata mama yake jogoo asingelitambua.

"Hii si kupika," alisema, "hii ni kuficha maiti."

Neno hilo "kuficha" ndilo lililomfungua akili. Alisimama na kisu hewani.

"Dada, tutawapa wote wawili."

Aliichukua ile firigisi, akaiweka juu ya ubao, akaipasua katikati. Hajapata kukata kitu kwa uangalifu namna hiyo. Vipande viwili, sawasawa, ungevipima kwa mizani ya dhahabu visingetofautiana. Chakula kilikuwa kwenye sinia kubwa, na kwenye sinia kila mtu hula upande wake. Kuvuka kwenda kwa mwenzako ni utovu wa adabu. Basi nusu moja akaizika upande wa dirisha, ambako Chifu angekaa. Nusu nyingine akaizika upande wa mlango, kwa Mzee Idrisi. Juu ya kila kaburi akaweka duara la nyanya.

"Kila mmoja atakuta kipande upande wake," alisema. "Kila mmoja atajua yeye ndiye mkubwa. Mhuri, neno, saini. Ijumaa niko Siakago."

"Mdogo wangu," alisema Zuena, akimtazama kama anamwona mara ya kwanza, "shule ile haikula ada ya baba bure."

Saa sita na nusu wageni walifika. Bwana Shauri alikuwa kijana mwembamba, pua imechubuka kwa jua, bastola kiunoni. Kiswahili chake kilikuwa maneno kama arobaini, na mengi katika hayo yalikuwa ya kumwambia mtu alete kitu. Homugadi wake, mgambo wa serikali aliyeitwa Riungu, alibaki mlangoni na bunduki, akinusa. Chifu Munyi aliingia na koti zito, akaanza kuhema kabla ya kukaa. Mzee Idrisi aliingia na kanzu iliyopigwa pasi, fimbo mkononi, akaitikia shikamoo ya Mbarak bila kumwangalia Chifu.

Mbarak aliinama kumnawisha Chifu mikono. "Chifu," alinong'ona, "ya kwako iko chini ya nyanya."

Uso wa Chifu ukafunguka kama mlango wa duka.

Akazunguka kwa Mzee Idrisi na birika lilelile. "Mzee, nyanya ile hapo mbele yako. Inua tu."

Mzee Idrisi akashusha pumzi, akapapasa ndevu. Kisha wale wazee wawili, kwa mara ya kwanza baada ya miaka, wakatazamana. Kila mmoja alimtazama mwenzake kwa huruma, ile huruma ya mtu aliyekwisha kushinda na hana tena haja ya ugomvi.

"Habari ya siku nyingi, Idrisi," alisema Chifu.

"Nzuri, Munyi. Nzuri sana. Leo hasa."

Mbarak alitazama lile jambo likienda, na moyo wake ukaanza kufunga mizigo ya safari. Hapo ndipo Memsabu alipochukua miiko miwili ya mbao.

"Sasa, tazama, mama Zuena!" alisema. "Saladi hapana lala kama mgonjwa! Saladi nataka changanya!"

Mbarak alifungua mdomo, lakini unamwambia nini mke wa Bwana Shauri? Miiko ikazama kwenye sinia. Ikainua makaroni juu, ikayageuza, ikayarusha, upande wa dirisha ukaenda mlangoni, upande wa mlango ukaenda kwa Bwana Shauri, nyanya zikapita mbele ya macho ya Mbarak kama watu unaowajua wako kwenye lori linaloondoka. Na kama hilo halikutosha, Memsabu hakutaka watu wachangie sinia moja. Vijidudu, alisema. Akampakulia kila mtu kwenye sahani yake.

Chifu Munyi aliinua nyanya ya kwanza. Chini yake kulikuwa na karoti.

Akainua ya pili. Kabeji.

Mzee Idrisi alikuwa naye ameinua zake zote, amezipanga ukingoni mwa sahani kama mtu anayecheza bao.

Wazee wakavuta sahani karibu. Walitafuta. Chifu aliinua makaroni moja baada ya moja, akaichungulia tunduni kwa jicho moja kama askari anayekagua bunduki. Mzee Idrisi aliacha uma, akaingiza vidole, akapapasa kila chembe ya nyama. Bwana Shauri aliona jinsi wanavyokichunguza chakula akafurahi sana.

"Mzuri?" aliuliza.

"Ii, Bwana," alisema Chifu kwa meno. "Nyeni hii, hii kabeji, haijaona moto, lakini mzuri."

Memsabu peke yake ndiye aliyenyamaza. Ajabu. Alikuwa ametia kijiko kimoja kinywani, akatafuna, akasita, na tangu hapo hakusema neno. Shavu moja lilikuwa limevimba kidogo. Alikuwa akitabasamu kwa macho tu. Zuena alimwona. Zuena akamtazama Mbarak, lakini Mbarak alikuwa akiwatazama wazee.

Maana Chifu alikuwa ameweka uma chini.

"Idrisi," alisema, "umekula kitu changu?"

"Kitu chako? Mimi ndiye nataka kukuuliza changu."

"Mimi niliambiwa iko chini ya nyanya."

"Na mimi niliambiwa chini ya nyanya."

Wote wawili wakageuka kumtazama Mbarak, na Mbarak akageuka kuutazama ukuta, ambao haukuwa na msaada.

"Hapana mtu kutoka hapa!" Chifu alipiga meza. Kuchuja watu, kujua nani ni Mau Mau na nani siye, ndiyo kazi aliyoizoea miaka ile, na hakuona kwa nini asichuje meza. "Firigisi iliingia hapa. Haina miguu. Mmoja katika hawa ameila, na mimi nitamjua. Fungua mdomo, Idrisi."

"Nifungue mdomo? Mimi si ng'ombe wa mnada! Unanishuku mimi, mtu wa swala tano?"

"Kama hukula, sema mbele ya watu. Kula kiapo!"

"Kiapo nitakula! Sasa hivi! Leteni!"

Nimesema Bwana Shauri alikuwa na maneno kama arobaini. Msomaji, neno kiapo lilikuwa mojawapo. Pengine lilikuwa la kwanza kufundishwa, kwani kwa kiapo ndivyo watu walivyoingizwa Mau Mau, kwa siri, kwa nyama na majani. Kiti chake kilianguka nyuma kabla Mzee Idrisi hajafunga kinywa. Alipuliza filimbi. Riungu akaingia mbio, akaielekeza bunduki kwenye jagi la maji, kwa kuwa ndilo lililokuwa mbele yake.

"Kiapo?" alipiga kelele Bwana Shauri. "Nani kula kiapo? Kiapo gani?"

"Kidogo tu, Bwana," alisema Chifu, akijaribu kupoza mambo. "Ya kuku."

Ndiyo ikawa mbaya zaidi. Bwana Shauri aliitazama meza upya. Wanaume wamekaa kwenye chumba. Nyama, imekatwakatwa isijulikane. Maziwa. Majani mabichi. Aliitazama sahani yake mwenyewe, ambayo alikuwa amekwisha kula nusu, na rangi ikamtoka puani.

"Mimi," aliuliza polepole, "mimi nimekula?"

Mbarak aliona Ijumaa yake inaondoka. Aliona seli badala ya Siakago. Alimwona fundi cherehani anavuka barabara na futi shingoni, hana haraka. Akajikuta amesimama katikati ya chumba na mikono juu, kwa sababu Riungu alikuwa ameacha jagi akamhamia yeye.

"Bwana Shauri, hakuna kiapo! Ni firigisi tu, kile kipande cha ndani ya kuku, cha heshima. Wazee wanagombania kipande. Wasigombane. Nimekula mimi."

Riungu akashusha bunduki. Hata Memsabu aliacha kutafuna.

"Wewe?" alisema Chifu.

"Mimi. Jikoni. Nilishikwa na tamaa."

"Wewe una nyumba wewe? Una mke?"

"Sina, Chifu. Mke yuko Siakago. Mimi niko hapa. Katikati kuna pasi."

Chifu Munyi na Mzee Idrisi wakatazamana. Safari hii hapakuwa na huruma wala ugomvi, palikuwa na hofu. Mzee Idrisi alivuta kiti chake karibu na cha mwenzake, kitu ambacho Mjini hakijaonekana.

"Munyi, hili likitoka nje tumekwisha. Watasema kapera, mtu wa juzi, amekula firigisi, na sisi wawili tumekaa tunachungulia makaroni."

"Litafika Embu kabla ya magharibi."

"Mpaka Siakago."

"Isipokuwa," alisema Chifu, akiinua kidole, "isipokuwa si kapera."

"Ijumaa hatakuwa kapera."

"Basi hakuiba. Amekula ya Ijumaa siku ya Jumatano. Amejitangulizia."

"Amejitangulizia!" Mzee Idrisi alipiga fimbo sakafuni. "Mtoto mwenye haraka, lakini si mwizi. Mimi natoa neno. Neno langu ni zuri."

Chifu alikuwa amekwisha kutoa mhuri mfukoni mwa koti. Akaupulizia, akaupiga kwenye karatasi ya Mbarak kwa nguvu mpaka sahani zikaruka, akaisukuma mbele ya Bwana Shauri.

"Bwana, huyu kijana lazima kuoa Ijumaa. Mimi na huyu mzee tutakwenda naye, kuona kwa macho. Ni mambo ya usalama."

Usalama nalo lilikuwa katika yale arobaini. Bwana Shauri, ambaye alikuwa ameshika neno moja kati ya kila matano na alichotaka hasa ni kuambiwa kwamba hakula kiapo, alitia saini bila kukaa.

"Na huko Siakago," alisema Mzee Idrisi, "wachinje jogoo wawili."

"Watatu," alisema Chifu. "Huyu sasa ana haki."

Hapo Memsabu alifumba macho, akameza kitu kwa taabu kubwa, shingo yote ikafanya kazi, akafungua macho yenye machozi na kuvuta pumzi.

"Kuku mzuri sana, mama Zuena," alisema. "Iko ngumu kidogo. Bwana Chifu, napenda saladi?"

"Memsabu," alisema Chifu kwa heshima zote, "ni chakula kizuri. Imepoa, haijaiva, na vitu vinapotea ndani yake. Lakini nimeshiba."

Gari lilipoondoka, Zuena alianza kukusanya sahani. Chini ya sahani ya Memsabu alikuta hankachifu nyeupe yenye maua ya zambarau pembeni, imefungwa fundo. Akaifungua. Akacheka mpaka akakalia lile gunia la mkaa tena.

"Njoo uone, we kapera. Ile nusu moja kaimeza. Na hii hapa ya pili, imemshinda."

Mbarak alitazama. Ilikuwa ndiyo, mkato wake mwenyewe, ulionyooka, na pembeni safu ya meno madogo ya Kizungu.

"Kwa hiyo mkubwa wa Meru yote," alisema Zuena akijifuta machozi, "ni yule mama. Na hajui."

"Nitupe?"

"Utupe? Umewaambia watu wazima umekula. Wamepiga mhuri. Unataka kumwoa Mwanatatu kwa uongo? Kula."

"Ina meno ya mtu, Dada!"

"Ya mtu wa afya. Kula."

Akaiosha kwa maji ya birika, akaitia kinywani, akaitafuna amefumba macho. Ilikuwa na ladha ya ndimu.

Ijumaa alfajiri lori lilisimamishwa kwenye kizuizi cha mto Thuci. Askari alipanda, akaomba karatasi, akasoma kwa tochi. Mahali pa "Sababu ya safari", Chifu Munyi alikuwa amejaza kwa mkono wake mwenyewe, herufi kubwa kubwa: FIRIGISI.

Askari alilisoma mara mbili. Akammulika Mbarak na kanzu yake mpya. Akawamulika wazee wawili waliokaa bega kwa bega kwenye magunia, wakitazama mbele kwa heshima zao zote.

"Ilikuwa moja?" aliuliza.

"Moja," alisema Mbarak.

Askari akatikisa kichwa polepole, kama mtu ambaye naye kwao ana wazee, akarudisha karatasi, akaenda kuinua mti wa kizuizi.